Upepo Unasingiziwa

Mazungumzo yetu leo ni ya breki. Siyo breki za magari haya mapya, ambayo kitu kikiharibika taa inawaka kwenye dashibodi na fundi anakuja na kompyuta. Nazungumzia Land Rover za zamani, 109 na 88 (ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), zilizotoka kiwandani Solihull, Uingereza, kabla uzalishaji wake haujakoma mwaka 1985, na ambazo hadi leo zinapanda Mbulu na Loliondo zikiwa na mahindi, watu, na kuku wamefungwa juu ya keria. Oktoba 2024 jiji la Arusha lilijaa Land Rover za kila umri, zilizokusanyika kutafuta rekodi ya msafara. Watu walipiga picha rangi, bampa na matairi ya akiba juu ya boneti. Ni haki yao. Mimi kila nikiona 109 iliyong'arishwa namna ile najiuliza jambo moja tu: pedali yake inashikia wapi?

Maana ukimpelekea fundi Land Rover ambayo pedali ya breki inazama, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Moshi au Mombasa, jibu la kwanza huwa ni lile lile: "Kuna upepo, mzee. Tutoe upepo." Utingo anapandishwa kwenye usukani, fundi anaingia uvunguni, chupa mbili za fluidi zinamalizika, na jioni gari linatoka na pedali nzuri kidogo. Baada ya wiki mbili imerudi chini. Unatolewa upepo tena. Hoja yangu jioni ya leo ni kwamba katika magari haya upepo unasingiziwa sana. Upo, ndiyo, na nitaueleza jinsi unavyotolewa. Lakini mara nyingi mwenye kosa ni mwingine, na chupa za fluidi haziwezi kumtibu.

Tuelewane kwanza namna breki hizi zinavyofanya kazi. Mfaransa Blaise Pascal, katika karne ya 17, alieleza kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mkandamizo huo unasambaa sawasawa kila upande. Breki za Land Rover ni Pascal mtupu. Mguu unasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Fluidi inapita kwenye mabomba ya chuma na mipira. Inafika kwenye wili silinda za kila gurudumu. Wili silinda zinasukuma shu. Shu zinabana dramu. Fluidi haibonyei, ndiyo maana nguvu inafika. Upepo unabonyea, ndiyo maana ukiingia nguvu inapotea njiani.

Hadi hapo kila dereva anajua. Kinachosahauliwa ni hesabu. Masta silinda ina kiasi chake cha fluidi cha kusukuma kwa mkanyago mmoja, na kiasi hicho ni kidogo. Sasa tazama 109 yenye dramu za inchi 11: kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili, kila la nyuma lina moja. Jumla wili silinda sita na shu nane. Shu ikikaa mbali na dramu, hata kwa milimita moja na nusu, inakula fluidi bure kabla haijagusa kitu. Shu nane zikila hivyo kwa pamoja, pedali inafika sakafuni na hakuna hata povu moja la upepo ndani ya bomba.

Na shu za Land Rover hizi hazijikazi zenyewe. Zinapolika, zinabaki kule kule, na pengo linakua kila mwezi. Nyuma ya bamba linaloshika shu kuna vichwa vya ajasta ambavyo fundi anavizungusha kwa spana ili kusogeza shu karibu na dramu. Gurudumu la mbele la 109 lina ajasta mbili, moja kwa kila shu, na hapa ndipo pana mtego: ukikaza moja ukasahau ya pili, ambayo mara nyingi imeshika kutu na haitaki kuzunguka, gurudumu linaonekana limekazwa kumbe shu moja bado inaelea. Nimesikia watu wakilaumu Waingereza kwa ubunifu mbaya, wakati ajasta ya pili haijaguswa tangu gari lilipokuwa la serikali.

Kwa hiyo jaribio la kwanza, kabla ya kugusa nipeli yoyote ya kutolea upepo, ni hili. Nyanyua gurudumu moja moja, kaza ajasta zote mpaka gurudumu ligome kuzunguka kabisa. Fanya hivyo kwa yote manne. Kisha panda, kanyaga pedali. Ikiwa imekuja juu na ni ngumu kama jiwe, basi hukuwa na upepo, ulikuwa na mapengo. Legeza kila ajasta kidogo tu, mpaka gurudumu lizunguke bila kukwaruza, kazi imekwisha na fluidi yako imebaki dukani. Ikiwa shu zote zimebana dramu na pedali bado inabonyea kama sponji, hapo sasa tunaweza kuanza kuushuku upepo.

Nisimame kidogo hapa kwenye kunyanyua gari, kwa sababu pana hatari ambayo imewavunja watu miguu. Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika dramu moja iliyo nyuma ya giaboksi, kwenye propela ya nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu lile lililo hewani lizunguke, na lile lililo chini linaweza kuviringika hata kama hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Gari linaondoka kwenye jeki. Weka mawe au magogo kwenye magurudumu yaliyobaki chini, mbele na nyuma, na usiingie uvunguni mwa gari lililosimama kwa jeki peke yake. Hili halina mjadala.

Haya, turudi kwenye pedali. Dereva makini anaweza kujua mengi kabla hata ya kumwita fundi, kwa kusikiliza mguu wake. Kanyaga mara moja: imeshuka sana. Kanyaga tena haraka: imepanda. Watu wengi wakifika hapo wanasema upepo, lakini mapengo ya shu nayo yanafanya vivyo hivyo. Tofauti iko kwenye mwisho wa mkanyago wa pili. Kama imepanda na imegota mahali pagumu, ni mapengo. Kama imepanda lakini bado ina kamchezo laini chini ya unyayo, ni upepo, au ni mipira ya breki iliyozeeka inayovimba kila unapokanyaga, au ni shu zisizolingana na dramu.

Hilo la mwisho nalipa uzito kwa sababu huku kwetu ni la kila siku. Dramu likipata mikwaruzo tunalipeleka kwa fundi wa mashine, linakerezwa, linakuwa laini tena. Likikerezwa mara mbili tatu kipenyo chake kinaongezeka. Shu mpya za kawaida zikiwekwa ndani yake zinagusa katikati tu, ncha zinabaki hewani, na ukikanyaga kwa nguvu shu yenyewe inapinda kidogo kama upinde. Mguuni unahisi sponji. Unaweza kutoa upepo mpaka kesho kutwa na sponji hiyo haitaondoka. Itapungua pole pole shu zinapojichonga zikafuata duara la dramu, au utabadilisha dramu.

Pedali inayozama pole pole ni habari nyingine kabisa. Unasimama, umekanyaga, pedali ni ngumu. Halafu unaihisi inateremka yenyewe, taratibu, mpaka chini. Kagua magurudumu yote kwa ndani, kagua mabomba, kagua sakafu chini ya pedali. Ukikuta mahali pamelowa, umempata mwizi. Kama hakuna palipolowa na fluidi kwenye kopo la masta silinda haipungui, basi raba za ndani ya masta silinda zimechoka, fluidi inarudi nyuma kupita pembeni mwa pistoni. Hakuna kutoa upepo hapo. Ni kufungua masta silinda, na kama kuta zake zimeliwa na kutu, kununua nyingine nzima badala ya kuiwekea raba mpya zitakazochanika mwezi ujao.

Na breki zinazogoma kuachia? Gari linakuwa zito, dramu zinachemka, harufu ya kuungua. Legeza nipeli ya gurudumu linalobana. Kama fluidi imeruka kwa nguvu na gurudumu likaachia, mkandamizo ulikuwa umenasa ndani. Pengine kijiti kinachosukuma pistoni ya masta silinda kimewekwa bila uchezaji wowote, kwa hiyo pistoni hairudi hadi mwisho na kitundu cha kurudishia fluidi kinabaki kimezibwa. Pengine mpira wa breki umevimba kwa ndani, unapitisha fluidi kwenda lakini hauirudishi. Kama umelegeza nipeli na gurudumu bado limebana, achana na fluidi. Tafuta kutu, springi iliyokatika, au wili silinda iliyoganda.

Gari likivuta upande mmoja wakati wa breki, vua dramu la upande wa pili, yaani ule usiokuvuta. Mara nyingi utakuta shu zimelowa oili ya difu iliyopita kwenye sili ya habu. Shu iliyonyonya oili haisafishiki. Kuna wanaoichoma moto kwa petroli ili oili itoke. Inatoka ya juu, ya ndani inarudi juu breki zikipata moto. Badilisha sili, badilisha shu, na badilisha pande zote mbili za ekseli hiyo.

Sasa tufike kwenye upepo wenyewe, maana ukishafungua bomba, mpira au silinda yoyote, umeingia, na lazima utoke. Jaza kopo la masta silinda. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na kwa magari yetu yenye usukani kulia hilo ni la nyuma kushoto. Halafu nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipeli, ncha yake izame kwenye chupa yenye fluidi safi, ili mguu ukiachia chupa isirudishe hewa. Mwenzako anakanyaga taratibu na kushikilia. Unalegeza nipeli, fluidi inatoka na mapovu, unafunga kabla hajaachia. "Kanyaga! Shika! Achia!" Wimbo huo unaujua kila mtoto aliyekulia karibu na gereji. Unaendelea mpaka mapovu yakome, huku ukichungulia kopo kila baada ya mikanyago michache, kwa sababu likikauka mara moja tu umevuta upepo mpya juu kabisa na kazi imeanza upya.

Mambo mawili hapa mafundi wetu wengi hawayaangalii. La kwanza ni kumwamuru utingo akanyage mpaka sakafuni. Katika masta silinda ya miaka mingi, pistoni imezoea kutembea sehemu fulani tu. Mbele ya hapo kuta zina kutu na uchafu. Ukiipeleka huko ghafla, raba inachanwa, na gari lililokuja na shida ndogo linaondoka na masta silinda mbovu. Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho. La pili ni mahali nipeli ilipo. Upepo unapanda juu siku zote. Wili silinda za kushoto zikifungwa kulia, kwa sababu zinafanana, nipeli inaweza kuja chini ya silinda, na upepo utakaa juu yake ukikutazama. Kama umetoa fluidi lita nzima na mapovu hayaishi kwenye gurudumu moja, acha kukanyagisha watu, chunguza silinda hiyo imekaaje.

Kwenye 109 gurudumu la mbele linasumbua kwa sababu fluidi inapita silinda moja kwenda ya pili kwa kibomba kifupi, na upepo unapenda kujificha humo. Dawa ninayoiamini ni ya kinyume: sukuma fluidi kutoka chini kwenda juu. Chukua bomba la sindano kubwa, lile la kuchomea ng'ombe, jipya na safi, lijaze fluidi, livike kwenye nipeli na usukume pole pole. Upepo unafuata njia yake ya asili, kwenda juu, na kutokea kwenye kopo. Chungulia kopo lisifurike, kwa sababu fluidi ya breki inababua rangi ya gari bila huruma. Ukiwa na subira, unaweza pia kulegeza nipeli na kuiacha idondoshe yenyewe wakati unakunywa chai, mradi kopo halikauki.

Kujua kama mpira fulani ndio unaovimba, Land Rover hizi zinakurahisishia: mipira ya breki ni mitatu tu, miwili mbele na mmoja nyuma. Ibane yote kwa kibanio laini kisichochana raba. Pedali ikiwa ngumu, masta silinda yako ni nzima. Achia mmoja mmoja. Ule ambao ukiachiwa pedali inazama, shida iko kwenye mpira huo au mbele yake. Lakini mpira uliokwisha pasuka pasuka kwa nje usiubane wala usiupime, utupe.

Na sasa jambo linalowachanganya hata mafundi wazuri. Dereva anateremka mlima Kitonga, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, breki zinapotea. Anaponea chupuchupu, anasimama chini, anapumzika nusu saa, na pedali imerudi nzima. Fundi anapima, haoni kitu. Kilichotokea ni maji. Fluidi ya kawaida ya breki inanyonya unyevu wa hewani, na Tanga, Mombasa au Unguja unyevu ndio tunaoupumua. Fluidi mpya ya DOT 3 inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya kutosha kipimo chake kinashuka hadi 140. DOT 4 inaanza na 230 na kushuka hadi 155. Mteremko mrefu ukipasha dramu, fluidi iliyolowa inachemka ndani ya wili silinda, inakuwa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inakwenda chini. Ikipoa, mvuke unageuka fluidi tena na ushahidi umepotea. Kama pedali ilibaki ngumu mlimani lakini gari halipunguzi mwendo, hiyo si fluidi. Ni shu zilizopata moto hadi zikapoteza mshiko. Kwa vyote viwili, gia uliyopandia mlima ndiyo gia ya kuteremkia.

Ndiyo maana chupa ya fluidi iliyofunguliwa na kukaa kwenye rafu mwaka mzima haifai kumwagwa kwenye gari. Ndiyo maana pia fluidi yote inafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama gari linakaa tu chini ya mwembe. Ile ya silikoni, DOT 5, hainyonyi maji na haibabui rangi, lakini haichanganyiki na hizi nyingine, na inashika mapovu madogo madogo yanayofanya pedali iwe laini. Kwa gari la kazi mimi siishauri.

Na wanaokosa fluidi wakamimina vingine wajue hivi: oili ya injini kwenye breki inavimbisha raba zote kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho. Ukimimina mara moja, umenunua raba mpya za mfumo mzima. Maji ya sabuni, ambayo wapo madereva wanaoyasifia, yanachemka kwenye nyuzi mia na kuozesha chuma kwa ndani. Kuponda bomba kwa nyundo ili gurudumu linalovuja lisitumike nako kunaitwa ufundi. Mimi ninalo jina lingine la jambo hilo, ambalo redioni halisemwi. Kumbuka Land Rover nyingi za miaka hiyo zina njia moja tu ya fluidi kwa magurudumu yote manne: tundu moja likifunguka, huna breki hata moja.

Msikilizaji mwenye 109 au 88, kesho asubuhi kabla hujawasha injini, kanyaga pedali mara moja tu, shikilia kwa nguvu, hesabu hadi thelathini. Ikiteremka, au ikigusa sakafu, usitoke nyumbani na gari hilo. Mwite fundi aje na spana ya ajasta kabla hajaja na chupa ya fluidi.